Kaa na Miguu Yake: Juu ya Mishipa ya Damu katika Saratani ya Titi na Makadirio ya Mwisho wa Maradhi

Neno saratani limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, mnyama wa pwani mwenye miguu mingi aendaye upande. Wajuzi wa falaki wamelitumia neno hilohilo kwa buruji ya nne, iliyo baina ya Jauza na Asadi. Mswahili wa leo alisikiapo neno hilo hospitalini hafikiri juu ya kaa wala juu ya nyota. Hufikiri juu ya maradhi, na mara nyingi hufikiri juu ya kifo. Hata hivyo asili ya jina yastahili kukumbukwa, kwa sababu mfano wake ulichukuliwa katika titi la mwanamke, na sababu ya mfano huo ilikuwa ni mishipa ya damu.

Wayunani wa kale waliyaita maradhi hayo kwa jina la kaa katika lugha yao. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili, alieleza sababu: katika titi huonekana mara nyingi uvimbe wenye umbo la kaa hasa, maana kama vile miguu ya mnyama huyo ilivyotoka pande mbili za mwili wake, ndivyo mishipa iliyovimba itokavyo pande zote za uvimbe. Warumi walilifasiri jina hilo kwa lugha yao, na kutoka kwao likapita katika lugha za Ulaya hata likafika Afrika ya Mashariki kwa sura ya kansa. Waarabu nao walipofasiri vitabu vya Wayunani walifasiri na jina pia, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alilitumia katika kitabu chake cha Kanuni. Basi wale wanaobishana kama ifaavyo ni kusema kansa au kusema saratani wanabishana juu ya kaa mmoja aliyefika kwa njia mbili.

Galen aliona mishipa kwa macho matupu, nayo ilikuwa mishipa mikubwa ya juu ya ngozi. Hakuweza kujua kwamba ndani ya uvimbe mna mishipa mingine, membamba kuliko unywele, na kwamba hiyo ndiyo iulishayo. Mambo hayo mawili yafaa yatengwe tangu mwanzo. Mishipa ionekanayo juu ya titi yaweza kuwa ya kawaida kabisa, hasa kwa mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye, na mwenye kuiona asidhani mara moja kwamba amepatwa na maradhi. Mishipa inayoelezwa katika makala haya haionekani ila kwa hadubini.

Kabla ya kuendelea, lipo tatizo la lugha. Neno mshipa katika Kiswahili lina mzigo mzito. Ni njia ya damu. Ni uzi wa fahamu. Ni kano inayofunga nyama kwenye mfupa. Tena ni jina la maradhi ya wanaume yanayoshuka kinenani. Mgonjwa aambiwapo ana tatizo la mshipa aweza kuelewa lolote katika hayo manne. Vitabu vya shule vimesaidia kwa kuleta ateri, ambayo hupeleka damu kutoka moyoni, na vena, ambayo huirudisha, na kapilari, ambazo ni vijishipa vya mwisho viunganishavyo hizo mbili. Ukuta wa kapilari ni safu moja tu ya chembe, na ni kwa kupenya safu hiyo ndipo hewa ya oksijeni na chakula hutoka katika damu kuingia mwilini. Hapa neno mshipa litatumika kwa njia ya damu peke yake, na kijishipa kwa kapilari.

Huko Songea, mkoani Ruvuma, iko kata iitwayo Bombambili. Sikio la Mswahili husikia ndani ya jina hilo bomba na mbili, na mwalimu atakaye kueleza habari za ateri na vena hatakosa mfano karibu: moja la kuleta na moja la kuondoa. Lakini mfano huo una upungufu wake. Bomba la maji huwekwa na fundi, likakaa lilivyowekwa. Mshipa wa damu ni kitu hai. Huchipua, hutoa matawi, hunyauka. Wala mtaa haukui kwa sababu bomba limeufuata lenyewe. Uvimbe wa saratani hufanya jambo ambalo mtaa hauwezi: huita bomba, nalo likaja.

Kwamba uvimbe una damu nyingi, hilo lilijulikana zamani. Rudolf Virchow, mwanachuoni wa Kijerumani, alilieleza katika miaka ya 1860. Waliofuata walidhani kwamba uvimbe huo hutumia tu mishipa iliyokuwako, au kwamba damu nyingi ni dalili ya joto na uchungu wa mahali pale. Aliyeligeuza wazo hilo ni Judah Folkman, mpasuaji wa Kimarekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipokuwa akitumikia katika maabara ya jeshi la majini la nchi yake, yeye na mwenziwe Frederick Becker walichukua tezi za wanyama wakazihifadhi hai katika chupa, wakizipitishia maji yenye kubeba oksijeni, kisha wakapandikiza humo chembe za saratani ya panya. Chembe zilikua mpaka vivimbe vikafikia ukubwa wa milimita moja au mbili, vikakoma. Havikufa. Viliporudishwa katika mwili wa panya, vilikua vikawa vikubwa na kuua. Tofauti ilikuwa nini? Katika tezi ya chupani mishipa mipya haikuchipua. Katika panya ilichipua.

Mwaka 1971 Folkman alichapisha wazo lake waziwazi: kila uvimbe wa saratani, ili ukue kupita kiasi cha milimita chache, hauna budi kupata mishipa mipya, uvimbe wenyewe hutoa kitu cha kuiita mishipa hiyo, na mtu akiweza kukizuia kitu hicho, ataweza kuuzuia uvimbe. Wengi hawakumsadiki. Walisema mishipa ile ni matokeo ya uvimbe kuoza na kuwasha, si chakula chake. Jibu moja lilitoka katika jicho la sungura. Kipande cha saratani kilipowekwa kielee katika maji ya chumba cha mbele cha jicho, mbali na mishipa, kilibaki kidogo kwa siku nyingi kikiwa hai. Kipande kama hicho kilipogusishwa na mboni yenye mishipa, mishipa ilikiingia, na katika majuma machache kikakua maelfu ya mara. Msomaji ataona uzito wa jaribio hili: chembe ni zilezile, jicho ni lilelile, na kilichogeuka ni umbali wa kufikia damu.

Sababu ya mpaka ule wa milimita ni rahisi kuifahamu. Oksijeni itokapo katika kijishipa husafiri kwa kupenya baina ya chembe, na haiwezi kwenda mbali. Ikivuka sehemu moja au mbili za kumi za milimita imekwisha. Chembe iliyo mbali zaidi ya hapo hubanwa pumzi. Ndani ya kila chembe imo protini ambayo wakati wa oksijeni ya kutosha huharibiwa upesi, mara itengenezwapo. Oksijeni ikipungua, protini hiyo hainaye wa kuiharibu. Hukusanyika, huingia katika kiini cha chembe, na kuziamsha jeni za dhiki. Uchunguzi wa mambo hayo uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel ya utabibu mwaka 2019. Mojawapo ya jeni ziamshwazo ni ile iandikayo mjumbe aitwaye kwa herufi VEGF, aliyetambuliwa kwa ukamilifu mwaka 1989 na Napoleone Ferrara na wenziwe huko California. Miaka sita kabla yake, Harold Dvorak wa Boston alikuwa amekwisha kumwona kwa sifa nyingine, ya kuifanya mishipa ivuje. Mjumbe huyo hutoka, huufikia mshipa wa jirani, na kuziamuru chembe za ukuta wake zigawanyike na kuchipua kuelekea upande aliotoka.

Wala asidhaniwe kuwa ni adui. Mwili wa mtu mzima humtumia kwa kazi njema. Kila mwezi ukuta wa tumbo la uzazi huota mishipa mipya. Kondo la nyuma halikui bila yake. Kidonda hakiponi mpaka vijishipa vichipue chini yake, na ule wekundu wenye chembechembe uonekanao katika kidonda kinachopona ni hivyo vijishipa. Tofauti ni kwamba katika kidonda kazi ikiisha wito hunyamaza. Katika saratani wito haunyamazi, na kwa hiyo mishipa hujengwa haraka na vibaya: imepinda, ina ncha zisizofika popote, na kuta zake zina nyufa. Mahali pamoja pana damu tele na hapo karibu chembe zinakufa kwa njaa.

Kuta hizo zenye nyufa ndizo zinazoleta hatari kubwa. Saratani ya titi haiui kwa kukaa katika titi. Huua kwa kuhamia mifupani, mapafuni, ini na ubongo. Njia za kuhama ni mbili, yaani mishipa ya limfu, ambayo huishia kwanza katika tezi za kwapani, na mishipa ya damu. Kijishipa kipya chenye nyufa ni mlango. Chembe zikipita mlango huo, nyingi hufa njiani. Chache hufika ugenini, na huko nazo haziwezi kukua bila mishipa. Yawezekana zikakaa miaka kumi au zaidi katika kivimbe kisichozidi punje ya ulezi, kimya, mpaka siku zipatapo damu. Jambo hili laeleza kwa sehemu kile kinachowashangaza wengi, kwamba mwanamke aliyepasuliwa akapona aweza kurudiwa na maradhi baada ya watoto wake kuwa watu wazima.

Ikiwa mishipa ndiyo chakula na ndiyo mlango, basi huenda wingi wake ukasema ni uvimbe gani utakaohama. Swali hilo lilitiwa katika vipimo na Noel Weidner na wenziwe, Folkman akiwamo, mwaka 1991. Walichukua vipande vya saratani ya titi vilivyokuwa vimehifadhiwa, vya wanawake 49, 30 katika hao wakiwa wamehamiwa na maradhi katika tezi au mahali pengine, na 19 bila hivyo. Walivipaka rangi inayoshika ukuta wa ndani wa mishipa, wakatafuta kwa hadubini mahali penye msongamano mkubwa kuliko pote, kisha wakahesabu vijishipa katika duara moja la hadubini, eneo la takriban robo tatu za milimita ya mraba. Wale waliokuwa wamehamiwa walikuwa na wastani wa vijishipa 101; wale wasiohamiwa 45. Kwa kila vijishipa kumi vilivyozidi, hatari iliongezeka kwa mara 1.59.

Hesabu hiyo ilitamanisha. Ilikuwa nyepesi, haikutaka mtambo mkubwa, na maana yake ilieleweka hata na asiye tabibu. Katika miaka iliyofuata watu wa nchi nyingi waliirudia. Baadhi waliona kama alivyoona Weidner, na wengine hawakuona uhusiano wowote. Tafiti zipatazo 43, za wanawake karibu 9,000, zilipokusanywa pamoja mwaka 2004, ilidhihirika kwamba uhusiano upo, ila ni hafifu kuliko ulivyoonekana mwanzo: wenye mishipa mingi walikuwa katika hatari ya kurudiwa au kufa ipatayo mara moja na nusu ya wenzao. Jambo la kweli, basi, lakini si la kutosha kumwamulia mtu mmoja dawa.

Kwa nini liliponyoka hivyo? Kwanza, mahali penye msongamano hapajulikani ila kwa jicho la mwenye kutafuta, na watu wawili hawachagui duara moja. Pili, rangi zitumiwazo ni mbalimbali. Moja hushika karibu mishipa yote, nyingine huacha iliyo michanga. Tatu, hakuna idadi iliyokubaliwa ya kutenga nyingi na chache, na kila mchunguzi alikata mahali palipomfaa. Na nne, ambalo ni la msingi zaidi, wingi wa mishipa hauonyeshi ujana wake wala kazi yake. Vijishipa vya zamani vilivyokuwamo kabla ya uvimbe huhesabiwa sawa na vipya, na kijishipa kisichopitisha damu huhesabiwa sawa na kinachopitisha. Ni kama mtu atakaye kujua maji yanayofika mtaani akahesabu mabomba bila kufungua hata moja. Kwa hiyo hesabu ya vijishipa haikuingia katika ripoti za kila siku za hospitali, wala haimo leo katika vipimo ambavyo mwanamke wa Songea, au wa London, hufanyiwa kwa desturi.

Hapa panahitaji neno juu ya kutabiri. Kiswahili kimempa mnajimu kitenzi hicho, na mtu aliyetabiriwa hupokea maneno kama habari zilizokwisha andikwa. Tabibu hatabiri kwa maana hiyo. Asemapo kwamba katika wanawake mia wenye hali fulani themanini huwa hai baada ya miaka mitano, amesema habari ya mia, na hajasema habari ya mmoja. Neno makadirio lafaa zaidi, maana ndani yake mna kipimo na mna nafasi ya kukosea. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwanamke aliyeambiwa kwa lugha ya utabiri kwamba atakufa huacha matibabu, akauza alichonacho kwa kutafuta njia nyingine au akarudi nyumbani kungoja. Na aliyeambiwa kwamba atapona hushangaa aambiwapo arudi kuchunguzwa kila baada ya miezi.

Makadirio yanayotumika hutegemea mambo ya kawaida kuliko mishipa. La kwanza ni ukubwa wa uvimbe. La pili ni idadi ya tezi za kwapani zilizoingiliwa. La tatu ni daraja, yaani kadiri chembe zilivyoacha sura ya chembe za titi na zinavyogawanyika kwa haraka. Utaratibu wa kupanga madaraja matatu ulitolewa na Bloom na Richardson mwaka 1957 na kurekebishwa na Elston na Ellis mwaka 1991. Watu wa Nottingham, Uingereza, waliyaunganisha hayo matatu mwaka 1982 katika hesabu moja ambayo yaweza kufanywa kwa kalamu. Ukubwa kwa sentimita huzidishwa kwa 0.2, huongezwa 1 ikiwa tezi zi salama, 2 ikiwa zimeingiliwa moja hadi tatu, au 3 ikiwa nne au zaidi, kisha huongezwa daraja. Jumla isiyozidi 3.4 ni njema, ipitayo 5.4 ni mbaya. Zilizo baina ni za kati.

Na achukuliwe mwanamke wa kubuni, mkazi wa Bombambili, mwenye uvimbe wa sentimita 2, wa daraja la pili, na tezi zisizoingiliwa. Hesabu yake ni 0.4 na 1 na 2, jumla 3.4, naye yumo katika kundi lenye tumaini jema. Uvimbe hauumi, yeye ana shamba la kuvuna na watoto wa kupeleka shule, na jirani amemwambia ni maziwa yaliyoganda. Anakwenda hospitali wakati uvimbe umefikia sentimita 6 na tezi tano zimeingiliwa. Daraja ni lilelile la pili. Sasa hesabu ni 1.2 na 3 na 2, jumla 6.2. Chembe zake hazikugeuka kuwa kali zaidi kuliko zilivyokuwa. Kilichomtoa kundi la kwanza na kumtia la mwisho ni muda. Na huyo wa pili ndiye wa kawaida. Tathmini ya huduma za saratani ya titi nchini Tanzania iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wagonjwa wapatao wanane katika kumi hufika maradhi yakiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo swali la mishipa limekwisha jibiwa kabla ya kuulizwa. Uvimbe wa sentimita 6 umeshaita mishipa, na mlango umekuwa wazi kwa muda mrefu. Hesabu ya Weidner ilipendeza katika miji ambako uvimbe hugunduliwa ukiwa mdogo na tezi zi safi, na tabibu hajui ni nani katika hao wachache atakayehamiwa. Ni kifaa cha kuchagulia baina ya waliowahi. Mahali ambapo wengi hawawahi, kazi yake ni ndogo, hata kama kingekuwa sahihi kwa ukamilifu.

Lipo jambo la nne katika makadirio, nalo limezidi yote kwa manufaa, kwa kuwa halisemi tu yatakayokuja bali husema nini kifanywe. Chembe za saratani huchunguzwa kama zina vipokezi vya homoni ya estrojeni na projesteroni, na kama zina wingi wa protini iitwayo HER2, ambayo Dennis Slamon alionyesha mwaka 1987 kwamba huambatana na mwenendo mkali. Mwenye vipokezi vya homoni hupewa tamoksifeni, vidonge vya bei nafuu vinavyomezwa nyumbani kwa miaka mitano au zaidi. Mwenye HER2 nyingi yuko katika hatari, lakini tangu mwaka 1998 ipo dawa ya trastuzumabu inayoilenga protini hiyo, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2015. Asiye na kimojawapo cha vitatu hivyo ndiye mwenye njia chache.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba wanawake wengi wa Kiafrika hawana vipokezi vya homoni. Tafiti zimetofautiana mno, baadhi zikiona wasio navyo kuwa zaidi ya nusu na nyingine zikiwaona kuwa sehemu ndogo zaidi. Ilipochunguzwa sababu ya tofauti hizo, ilionekana kwamba sehemu yake imetokana na namna kipande cha nyama kilivyotunzwa, si na mwanamke mwenyewe. Kipokezi ni protini, na protini huoza. Kipande kilichokatwa saa nne asubuhi na kuachwa juu ya meza mpaka alasiri chaweza kusomwa kuwa hakina kipokezi, hali kilikuwa nacho. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa hunyimwa vidonge ambavyo vingemfaa, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilifanyika. Ni vigumu kufikiri kosa dogo zaidi lenye gharama kubwa zaidi.

Kanuni ya kulizuia si ngumu. Kipande kitiwe katika fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa uchachu wake, na kitiwe ndani ya saa moja tangu kukatwa. Maji hayo yazidi kipande kwa kiasi cha mara kumi. Kipande kikiwa kikubwa, kama titi zima, kichanjwe, maana fomalini hupenya polepole na katikati huoza kabla haijafika. Kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Saa ya kukatwa na saa ya kutiwa ziandikwe. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa njia ya Njombe na Iringa, na kama kipande kitapelekwa huko kusomwa, hesabu ya saa 72 huanza kabla basi halijaondoka. Ndiyo sababu katika safari ndefu yafaa zaidi kusafirisha kipande kikiwa kimekwisha tiwa katika nta kuliko kukisafirisha ndani ya chupa.

Mgonjwa mwenyewe naye husafiri. Upasuaji na dawa nyingi za kemikali zaweza kupatikana karibu zaidi kuliko mionzi. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo jengo lake la kale lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na ambayo ilifanywa taasisi ya kujitegemea mwaka 1996, iko ukingoni mwa bahari huko Dar es Salaam, na mionzi hutolewa pia katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Yote mawili ni mbali na Ruvuma. Mionzi hutolewa kidogokidogo kwa majuma kadhaa, na aendaye huko hana budi kuwa na mahali pa kulala na mtu wa kubaki na watoto. Hakuna hesabu ya makadirio iliyotungwa Ulaya yenye nafasi ya kuandika nauli.

Imebaki habari ya wazo la pili la Folkman, kuuzuia uvimbe kwa kuzuia mishipa. Dawa ya kumfunga yule mjumbe VEGF ilitengenezwa, nayo ni bevasizumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Katika saratani ya titi iliyokwisha hama, jaribio moja kubwa lilionyesha kwamba wanawake waliopewa dawa hiyo pamoja na paklitakseli walikaa miezi 11.8 kabla maradhi hayajaendelea, na waliopewa paklitakseli peke yake walikaa miezi 5.9. Kwa sababu hiyo iliruhusiwa mwezi wa Februari mwaka 2008. Folkman alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Lakini urefu wa maisha kwa jumla haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa, majaribio yaliyofuata yalipunguza hata ile faida ya kwanza, na madhara yake, kama kutoka damu na shinikizo la damu, yalikuwa mazito. Mwezi wa Novemba mwaka 2011 ruhusa ya kuitumia kwa saratani ya titi ilifutwa huko Marekani.

Si haki kusema kwamba wazo lilikuwa la uongo. Uvimbe ukizibiwa mjumbe mmoja hutuma wengine, tena hujifunza kutambaa juu ya mishipa iliyopo bila kuchipusha mipya. Dawa hiyohiyo imefaa katika saratani nyingine, na faida yake nyingine haikutazamiwa: hudungwa kwa kiasi kidogo sana ndani ya jicho la mwenye kisukari au mzee ambaye vijishipa vibovu vinamharibia kuona, ikavikausha. 

Katika titi lenyewe uchunguzi unaendelea kwa njia nyingine. Badala ya kuhesabu vijishipa katika duara lililochaguliwa kwa jicho, hujaribiwa kupima kwa picha za sumaku kiasi cha damu kipitacho katika uvimbe mzima, na kusoma ndani ya chembe ni jeni zipi za mishipa zilizoamka. Vipimo vya namna hiyo ni vya ghali. Vipo pia vinavyotumia kompyuta kuhesabu juu ya kioo kizima cha hadubini, na hivi huondoa lile tatizo la kila mtu kuchagua mahali pake; vinachohitaji ni kioo kilichopakwa vizuri kutoka katika kipande kilichotunzwa vizuri.

Kipande kikiisha kutiwa katika nta hakiozi. Hukatwa vipande vyembamba vya sehemu nne au tano za elfu za milimita, na kinachosalia huwekwa kabatini pamoja na namba yake, ambako chaweza kukaa miaka mingi kikangoja rangi ambayo haijagunduliwa. Vipande 49 vya Weidner vilitoka katika makabati ya namna hiyo, vikiwa vimewekwa na watu ambao hawakuwa na habari kwamba siku moja mtu angekuja kuhesabu vijishipa vyake.